Jibu Nililolikata Mkia

Kaloleni, Nairobi
Jioni, kabla ya safari yako

Mwanangu Wakesho,

Uniwie radhi kwa kukuandikia barua hali uko nyumba ya tatu tu kutoka hapa, ukiagana na Bi Zuhura, na baada ya kitambo kidogo tutaketi meza moja kula chakula. Mtu mwingine angesema mzee huyu amepungukiwa na akili, amwandikie mtoto atakayemwona kabla wino haujakauka. Lakini wewe unazijua desturi za kwetu Taita. Yapo mambo ambayo baba hayatamki mbele ya binti yake, wala binti hayasikii kinywani mwa baba yake. Mambo hayo yana mlango wake, na mlango huo ni shangazi. Nimeuheshimu maisha yangu yote. Leo naomba ruhusa nipite dirishani, maana karatasi haina macho, nawe hutalazimika kuinamisha uso wala mimi kukohoa kikohozi cha uongo.

Sitakuandikia habari za kufua sare, wala namna ya kuwasalimu masista wa chuo, wala viatu. Shangazi yako Mghoi amekwisha kukuagiza hayo yote, na kila asahaupo moja huanza upya tangu mwanzo. Mimi nataka kusema juu ya kitu kimoja tu: ile chupa ndogo ya vidonge uliyoiweka juu ya rafu, nyuma ya sanamu ya Bikira Maria.

Unajua kwamba kila Jumamosi mimi ndiye nifutaye vumbi rafu ile. Kwa hiyo ama ulisahau, jambo ambalo si tabia yako, ama ulitaka niione. Au labda ulimwachia Mama yetu aamue mwenyewe. Vyovyote iwavyo, niliiona. Haijafunguliwa. Pamba iliyo mdomoni mwake ingali vilevile kama ilivyotoka kwa daktari.

Tafadhali nivumilie nikianza mbali kidogo.

Wakati wa mvua zilizopita ulianguka penye bomba la maji, ukiwa katika foleni na ndoo yako. Mimi nilikuwa kanisani. Niliporudi nilimkuta Bi Zuhura amesimama nje na sinia lake la maandazi ambayo hakuyauza siku ile. Akaniambia, “Mzee Alois, mtoto wako ameniangukia mikononi. Nimembeba mimi peke yangu mpaka kitandani, na mgongo wangu huu unaoujua. Mwepesi kama kanga iliyoanikwa! Humlishi?”

Nikataka kuingia chumbani. Shangazi yako akasimama mlangoni.

“Kaka, usiingie.”

“Ana homa?”

“Hana homa.”

“Basi ana nini?”

“Mambo ya kike.”

“Mambo gani ya kike yamwangushe mtu bombani?”

“Nimekwisha sema, kaka. Nenda kasali rozari.”

Nami, Wakesho, nikaenda kusali rozari. Kusali si kosa, na sitajuta kwa sala hata moja niliyokuombea. Ila nakiri kwamba siku ile rozari ilinifaa mno. Ilinipa mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu angenijia na maswali. Nilishukuru kufungiwa ule mlango. Mtu akishukuru kwa kutojua, ni vema ajichunguze.

Maneno yale, “mambo ya kike”, sikuwa nikiyasikia mara ya kwanza. Niliyasikia kwa mama yako miaka yote ya ndoa yetu. Kila mwezi palikuwa na siku ambazo Mkamburi hakuinuka. Alilala akiugeukia ukuta, kando yake kibuyu cha maji ya mizizi aliyoletewa kutoka nyumbani, nami nilikwenda kula kwa jirani na kurudi kwa kunyata kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Hakufa kwa ugonjwa huo. Alifariki kwa kichomi, wewe ungali mdogo, kama unavyojua. Lakini mganga wa misheni aliyemwona mwishoni aliniuliza, “Mwalimu, mke wako ameishiwa damu. Tangu lini?” Niliishi na mwanamke yule, nikampenda kwa kadiri nilivyojua kupenda, na sikuweza kusema tangu lini.

Sikuandikii hayo ili unihurumie. Nayaandika kwa sababu ugonjwa wako, ambao hata hapa kwenye karatasi nitauita hivyo tu, ni ule ule wa mama yako, na mimi nilikuwa njiani kukutendea vile vile, kwa kunyata.

Sasa nije kwa daktari.

Shangazi yako alikupeleka kwa yule daktari Mgoa wa kutoka Bara Hindi, mwenye chumba chake upande wa Kariokor. Mimi sikuambiwa. Nilidhani mmekwenda sokoni. Yaliyosemwa kule niliyapata baadaye sana, ulipoanguka mara ya pili, pale sakafuni jikoni, na Mghoi akaja kuketi mbele yangu bila kukaribishwa, akavua kitambaa cha kichwani akakiweka mezani. Sijamwona akifanya hivyo tangu tulipokuwa watoto.

“Kaka,” akasema, “leo navunja mwiko. Ukitaka kuziba masikio, ziba sasa.”

Sikuziba.

Akanisimulia jinsi daktari alivyokupima, akakuuliza maswali mengi kwa upole, kisha akatoa chupa. Alisema ni dawa mpya kutoka ng’ambo, ya kulituliza tumbo la uzazi lisimwage damu ovyo. Unaijua habari hii kuliko mimi, ulikuwepo. Lakini nataka ujue namna ilivyonifikia. Mghoi aliweza kumwigiza daktari mpaka mikono, nami nikayaona yote.

“Daktari, dawa hii inazuia mimba?” ndivyo ulivyouliza.

“Wewe na bwana?”

“Sina.”

“Basi kwa nini nauliza mambo ya mimba? Mimi natibu damu.”

“Nauliza kwa sababu nataka kujua.”

Daktari, asema shangazi yako, alivua miwani. “Mimi taambia wewe kweli. Wakati nameza hii, mimba haishiki. Ukiacha, mwili narudi kama zamani. Lakini sisi hatutaki hiyo. Sisi nataka damu isimame.”

Hapo ukasimama. Ukaweka mikono nyuma, kama ulivyofundishwa, ukasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye benchi la wagonjwa nje: “Mkristo hatumii dawa izuiayo mimba, kamwe.”

“Nani nafundisha wewe hii?”

“Baba yangu.”

“Mtoto, mimi pia Mkatoliki. Jumapili mimi napokea Komunyo.”

“Basi, Daktari,” ukamjibu, “nitakuombea.”

Mghoi alipofika hapo alicheka, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Kisha akaniambia neno ambalo sitalisahau. “Ninampikia maini na mchicha na kunde, damu yote inakwenda. Chupa nikaichukua mimi, nikamwambia, Wakesho, meza. Akanijibu, shangazi, heri niishiwe damu kuliko niishiwe neema. Binti yako anavuja kama ndoo mbovu, kaka. Na aliyeitoboa ni wewe.”

Nilikaa pale mezani mpaka chai yangu ikaota ngozi. Maana nilijua anasema kweli, na nilijua zaidi yake, nilijua hata mahali penyewe nilipotoboa.

Utakumbuka darasa langu la wachumba, katika kile chumba nyuma ya kanisa. Tangu ulipofiwa na mama yako nilikuwa nikikuchukua nami jioni, kwa kuwa hapakuwa na wa kukuangalia mpaka shangazi yako alipohamia kwetu. Ulikaa chini ya meza ukicheza na vizibo vya soda. Wanafunzi wangu walikuwa watu wa reli, wapishi wa Wazungu, wachukuzi wa Gikomba, na wachumba wao waliotoka kijijini juzi. Wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo niliwafundisha jinsi nilivyofundishwa mimi na mapadre wa kwetu: swali naliuliza mimi, jibu wanaliimba wote, nami napiga meza kwa kiganja, tapu, tapu, ili jibu lishike mwendo. Jibu likishika mwendo halitoki tena kichwani, hata mtu akiwa amelewa.

Nawe kule chini ya meza uliimba kuliko wote. Wale watu wa reli wakishindwa, sauti yako ndiyo iliyowaokoa. Wakakuita Katekista Mdogo. Nilijivuna, Wakesho. Mungu anisamehe, nilijivuna sana.

Basi, jibu la swali lile juu ya dawa, Padre mzee, yule wa kwanza, ndiye aliyenipa kwa kinywa chake. Nalikumbuka lote. Alisema: Mkristo hatumii dawa kwa nia ya kuzuia mimba, bali dawa ya kuponya ugonjwa ni halali kwake, hata kama uzazi utapumzika kwa muda. Ndivyo lilivyokuwa. Nikaenda nalo darasani, nikaliimbisha. Halikwenda. Walipofika kwenye “bali” wakatawanyika kama mbuzi penye njia panda. Huyu kasema “halali”, yule kasema “haramu”, mwingine amekwisha nyamaza. Kiganja changu kikawa kinapiga meza peke yake.

Nilijaribu jioni mbili au tatu hivi. Kisha nikaona mkia ule unaburuta chini, nikaukata. Na “kwa nia” nayo nikaiondoa, maana ilichelewesha mwendo. Mahali pa vyote viwili nikapachika “kamwe”. Ah, lilikaa vizuri mno! Liliangukia hasa pale kiganja kinapogonga. Darasa zima lilitamka “kamwe” kama mtu anayefunga lango. Askofu alipotutembelea akasikia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanipongeza mbele ya watu. Tangu siku ile sikukumbuka kabisa kwamba jibu liliwahi kuwa na mkia.

Wewe ulilipokea likiwa limekatwa. Hukusikia jingine. Sasa unaona kwa nini siwezi kukulaumu hata kidogo. Ulimjibu daktari kama mtoto mwaminifu. Aliyekosa uaminifu ni yule aliyejali mdundo wa meza kuliko watu walioizunguka.

Baada ya maneno ya Mghoi nilikwenda kwa Padre wetu wa sasa, huyu kijana. Nami, kwa aibu yangu, sikumwambia ni nani. Nilisema, “Padre, yupo mtu fulani katika parokia, msichana, ana ugonjwa fulani.” Akanisikiliza mpaka mwisho, na nilizunguka sana kabla ya kufika mwisho. Kisha akauliza kwa upole, “Mwalimu, na huyo mtu fulani leo ameamkaje?” Nikasema, “Leo ameweza kunywa uji, Padre,” na hapo ndipo nilipojua nimejifunua, nikatoa leso.

Hakunicheka. Wala hakunijibu mara moja, jambo lililonipendeza, maana mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kujibu mara moja. Alisema atasoma, na atamwuliza padre mwenzake aliyesomea mambo haya. Aliponiita tena tulisimama nje ya nyumba yake. Siku hiyo mafundi wa bomba walikuwa wamefukua barabara yetu, maji yamefungwa mtaa mzima, na akina mama wanapita na ndoo kwenda kuteka mbali, huku wakilalamika kwa lugha zote za Kenya.

Padre akaniambia kwamba Baba Mtakatifu mwenyewe, yule aliyetutoka, muda mfupi kabla ya kufariki alizungumza na madaktari juu ya jambo hili hili la vidonge. Akatofautisha. Mwanamke akimeza dawa hiyo ili asipate mimba, anakwenda kinyume cha sheria ya Mungu. Lakini akiimeza kwa shauri la daktari, kwa kuwa tumbo lake la uzazi au mwili wake ni mgonjwa na unahitaji tiba, hatendi dhambi. Kufungika kwa uzazi kwa muda ule si jambo alilolitafuta. Linafuata nyuma ya tiba, naye analivumilia.

Nikamwuliza, “Lakini Padre, kidonge si ni kile kile?”

Akanionyesha barabara. “Tazama, Mwalimu. Fundi amefunga maji. Ametenda dhambi?”

“Hapana. Anaziba mpasuko.”

“Na watu hawana maji?”

“Hawana, Padre. Wewe mwenyewe unawasikia.”

“Je, alitaka wapate kiu?”

“Hakutaka.”

“Na mtu mwingine akija usiku, akafunga bomba lile lile, kwa mkono ule ule, kwa sababu tu hapendi majirani wateke?”

Alikuwa amekwisha kunieleza. Akaongeza jambo moja, nami nakufikishia ili nisije nikakata mkia mara ya pili. Alisema: mpasuko ukisha kuzibwa, fundi hana sababu ya kuendelea kufunga maji. Yaani siku utakayopona, na Mungu akijalia uolewe, hutaweza kuendelea na vidonge kwa kisingizio cha ugonjwa usiokuwapo tena. Na kama ukiolewa ungali mgonjwa, mwambie mume wako wazi, tangu mwanzo, kwa maneno yenye majina yake. Usimwachie kunyata ndani ya nyumba yake. Mimi nilinyata, na sikupata heshima yoyote ndani yake, isipokuwa upweke wa watu wawili.

Najua hofu yako nyingine, ingawa hukuisema. Masista wa chuo hukagua masanduku. Msichana asiye na mume akikutwa na chupa kama ile, na mmoja wao akaijua ni dawa gani, maneno yatatembea kabla ya kengele ya chakula. Nimelifikiria jambo hilo kuliko unavyodhani. Nilimwuliza Padre. Alisema yuko tayari kumwandikia Mama Mkuu maneno machache tu, kwamba binti huyu yu chini ya tiba ya daktari na mwungamishi wake anajua. Alikuwa amekwisha kushika kalamu. Nikamwomba aiweke chini, asiandike mpaka umwombe wewe mwenyewe. Ugonjwa ni wako na jina ni lako, nami nimekwisha kulisema kwa niaba yako zaidi ya haki yangu. Kesho baada ya Misa ya asubuhi atakuwa sakristia. Ukitaka, pita. Hutahitaji kueleza kitu. Sema tu, “Ndiyo, Padre,” naye ataelewa. Kama una shaka na haya niliyokuandikia, mwulize yeye. Ni haki yako kutoniamini katika jambo hili, maana mimi ndimi niliyekudanganya kwa nusu ya kweli.

Nimemwona daktari pia. Nilikwenda peke yangu, nikavaa koti. Nilimwomba radhi kwa niaba ya mafundisho yangu. Akasema, “Mwalimu, mimi hapana kasirika. Mtoto yako nasema taniombea. Toka siku ile, mimi nafikiri naomba kweli. Wagonjwa nalipa vizuri.” Kisha akaacha mzaha. Aliniambia jambo ambalo shangazi yako alinificha, kwamba damu yako imepungua kiasi kwamba ukianguka tena mahali pabaya, penye ngazi, penye moto, au katika chuo ambapo hakuna Bi Zuhura wa kukudaka, huenda usiinuke. Alisema pia kwamba dawa hii haimnyang’anyi mtu watoto. Ugonjwa usiotibiwa ndio unaoweza kumnyang’anya.

Sasa nifanye nini, mwanangu? Nilipoanza barua hii nilitaka kukuamuru. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ncha ya kalamu: meza. Ungetii, najua, hujawahi kunikatalia. Lakini hapo ningekuwa nimepiga meza tena kwa kiganja, nawe ungekuwa umeimba tena usilolielewa, na kesho kutwa mtu mwingine mwenye kiganja kizito kuliko changu angekuimbisha lingine. Kwa hiyo sikuamuru. Nakuomba. Namwomba Katekista Mdogo, ambaye siku zote alilijua jibu kabla yao wote, alipokee na hili lote, zima, na alipime mwenyewe mbele ya Mungu.

Wala usije ukadhani kwamba nimelegea uzeeni, au kwamba nimeitupa imani ili nisimpoteze binti. Ningeogopa sana ufikiri hivyo. Amri sijaibadilisha hata nukta. Nimeirudisha ilivyokuwa kabla sijaigusa. Usiziogope amri za Mungu, Wakesho. Waogope watu wanaozifupisha, nami nimo katika hesabu yao.

Juzi jioni nililifundisha jibu lote darasani. Nilitaka ulisikie, lakini ulikuwa ukishona majina kwenye sare zako. Niliwaambia wachumba kwamba leo tunaanza upya swali la dawa. Yupo kijana mmoja wa reli, mcheshi, aliyelishika lile la zamani tangu mwezi uliopita. Akasikiliza, akainua mkono.

“Mwalimu, samahani. Jibu limeota mkia?”

Darasa likacheka. Mchumba wake akampiga kiwiko.

“Halikuota,” nikamwambia. “Lilizaliwa nao. Mimi ndimi niliyeukata.”

Sidhani waliwahi kumsikia mwalimu wa dini akisema neno kama hilo. Kisha nikapiga meza, tukaanza, na kama ilivyokuwa zamani wakatawanyika penye “bali”. Tukarudia. Wakatawanyika. Nikahisi ile hamu ya zamani ya kulishika shoka. Ndipo mchumba wa kijana yule, msichana mnyamavu ambaye hajawahi kuuliza kitu, akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, hapo katikati hutupi nafasi ya kuvuta pumzi.”

Nikainua kiganja juu ya meza nisikishushe. Wakavuta pumzi, wote pamoja, nikazisikia. Kisha nikakishusha, na mkia ukaingia wote, “hata kama uzazi utapumzika kwa muda”, bila mtu kupotea. Miaka yote ile, mwanangu! Halikuwa refu. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Nasikia sauti yenu na Bi Zuhura barazani, anakusindikiza na bila shaka anakulazimisha kuchukua maandazi ya njiani. Chukua. Usipoyachukua atanisema mimi.

Barua hii nitaiweka juu ya kitabu chako cha sala. Chupa nimeifuta vumbi na kuirudisha nilipoikuta. Sikuitia sandukuni mwako, kwa kuwa sanduku ni lako. Kesho tukitoka kanisani nitakwenda mimi mwenyewe kumwita mwenye mkokoteni atakayebeba mizigo mpaka stesheni. Mghoi atakuwa nyuma akifunga chakula. Nitakawia njiani, nitasalimia watu wengi, nitauliza habari za watoto wao mmoja mmoja. Utakuwa peke yako chumbani kwa muda wa kutosha, wala hakuna atakayekuuliza ulifanya nini ndani ya muda huo, mimi wa mwisho kabisa.

Na treni ikisha kuondoka nitarudi nyumbani, nitachukua kitambaa changu, ingawa si Jumamosi, nifute ile rafu. Namwomba Mungu kwa unyenyekevu wote nilio nao kwamba nitakapoisogeza sanamu ya Mama yetu, nyuma yake nikute ukuta mtupu.

Ni mimi baba yako akupendaye,
Alois